Mxiu! Eti Imetembea Kidogo

Jamani, nimesonya tangu asubuhi mpaka mate yamekauka. Sababu ni huyu dogo wetu wa hapa kijiweni, aliyeuza kiwanja chake cha Chanika juzi na hela bado zinamwasha mfukoni. Kaja mbio, hajawaamkia wazee, simu kaitua katikati ya drafti, vifuniko vya soda vyote chini, na Mzee wa kahawa alikuwa amebakiza kete moja aingie kingi.

"Braza, cheki chuma hiki."

Nikacheki. Subaru Impreza WRX STI ya 2006, bluu, rimu rangi ya dhahabu, spoila nyuma. Chini ya picha dalali kaandika maneno yao yale yale: namba D, AC inapiga baridi, injini haijawahi kuguswa, imetembea kilometa 89,000 tu, imeendeshwa na mama, bei ina maelewano, njoo na fundi wako.

Mxiu.

Nianze na huyo mama. Kila gari inayouzwa Dar es Salaam iliendeshwa na mama. Ana IST, ana Harrier, ana Fuso ya mchanga, na sasa ana STI ya gia sita za mkono. Miaka yote hii sijawahi kumwona akija kupokea hela zake. Anayekuja ni kijana kavaa miwani ya jua saa mbili usiku, eti mtoto wa dada yake. Na msinielewe vibaya: wanawake wanaozijua gari hizi wapo, na dogo watamwachia vumbi. Lakini mwanamke wa namna hiyo ataiendesha STI kama STI, sasa hapo dalali anatuhakikishia nini?

Haya, tuje kwenye hizo 89,000. Nikamwambia dogo afungue kikokotoo kwenye simu yake mwenyewe. Gari ya 2006, tuseme ina miaka 20. Gawanya. Inakuja kilometa elfu nne na mia nne na ushee kwa mwaka, kama 12 kwa siku. Yaani kuna mtu aliagiza Japani gari ya nguvu za farasi 280, akalipa ushuru wa forodha asilimia 25, akalipa VAT asilimia 18, na tozo nyingine juu yake, halafu akawa anatoka nayo Sinza mpaka Magomeni, anageuza, anaifunika turubai. Haya, inawezekana. Dunia ina watu. Ila anayeniambia hivyo anionyeshe karatasi.

Maana saa ya kilometa siku hizi ni namba tu zilizokaa ndani ya chipu. Kijana mwenye kompyuta ya mkononi na waya wa kuchomeka anashusha laki mbili ikawa themanini elfu kabla kahawa yako haijapoa, na dashibodi haibaki hata na mkwaruzo. Enzi zile za namba za kuzunguka, angalau fundi mhuni alikuwa anaacha namba zimekaa upande.

Karatasi zenyewe wala si siri. Gari inapotoka Japani inatoka na hati ya kufutiwa usajili wa kule, na kilometa zimeandikwa humo. Kama ilipita mnadani, na nyingi zimepita, ina karatasi ya mnada. Mkaguzi wa kule kaipa alama: 4, 3.5, au herufi R kama iliwahi kugongwa ikanyooshwa. Kwenye mchoro wa gari, kila penye mkwaruzo kaweka kialama, na kama ameitilia shaka saa ya kilometa, anaandika. Mwombe dalali karatasi ya mnada uone atakavyokurudisha kwenye habari za rimu.

Bila karatasi, bado una macho. Gari ya kilometa 89,000 usukani wake haujang'aa kama sahani, raba ya pedali ya klachi haijalika upande mmoja, na kiti cha dereva hakijalala ubavu wa mlangoni, pale unapojisugua kila ukishuka. Dogo kavuta picha ya ndani ikajaa kwenye kioo. Mpira wa klachi umelika mpaka chuma kinachungulia. Akanyamaza kidogo, halafu akasema labda mama alikuwa anavaa viatu vigumu.

Mzee wa kahawa, bado anaokota kete zake, akasema, "Mwanangu, nunua IST ulale."

Mzee ana hoja. Ila hapa kijiweni tumeshazoea kumjibu kijana anayetaka Subaru kwa kumtajia IST, na sijaona hata mmoja aliyebadili mawazo. Dogo hatafuti usafiri. Usafiri anao, bodaboda zimejaa hapo mbele. Anachotaka ni ule mlio wa injini ya silinda nne zilizolala, mbili kulia mbili kushoto. Anataka rangi ile. Mwaka 1997 Colin McRae, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1995, alishinda Safari Rally Kenya kwa Impreza ya bluu, na mwaka 2000 Richard Burns akarudia na Impreza vilevile. Dogo mwaka ule wa McRae hakuwa amezaliwa, lakini ugonjwa umemfikia. Ugonjwa huu haupiti kwenye damu, unapitia kwenye video za simu.

Mimi namwambia kitu kimoja tu kuhusu gari ile ya McRae. Ikitoka vumbini inapokelewa na kundi la mafundi wenye saa mikononi, shokapu zinang'olewa, zinafungwa nyingine, oili inaangaliwa, kila nati inapitiwa. Wewe fundi wako ni mmoja, yuko Tegeta, na simu yake haipatikani.

Sasa hapa ndipo tunapogombana kila siku, na leo nataka nilimalize. Nusu ya kijiwe inasema gari ya mbio iliyopita kilometa laki na nusu ni jeneza. Nusu nyingine inasema Subaru haifi. Wote wanaangalia namba, na namba ndiyo kitu cha mwisho cha kuangalia.

Januari 1989, Subaru walipeleka Legacy za tabo kwenye njia ya majaribio huko Arizona, Marekani. Wakazizungusha usiku na mchana, mpaka kilometa 100,000. Wastani ukatoka kilometa 223 kwa saa. Karibu siku 19. Injini iliyofanya kazi hiyo ni EJ20, sentimita za ujazo 1,994, babu hasa wa hii iliyo kwenye STI ya pichani. Japani waliendelea kuifunga kwenye STI mpaka kuelekea 2020. Kwa hiyo kilometa laki moja, tena za kukanyagwa mpaka chini, haziiui injini hii. Ila huko Arizona ilikuwa na joto lake la kazi karibu muda wote, wenyewe wakiichunga, bila foleni.

Ukitaka kuiua unahitaji mambo mengine, na hapa mjini tunayo yote.

La kwanza ni oili. Tabo ni kifeni kinachosukumwa na moshi wa eksozi, na kikishika kasi kinazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kinachokitenganisha na chuma kinachokibeba ni utando mwembamba wa oili, basi. Injini hizi zikizeeka zinakula oili kidogo kidogo, na hiyo peke yake si dhambi. Dhambi ni mwenye gari asiyechomoa kijiti cha oili tangu servisi mpaka servisi, akisubiri taa nyekundu. Ile taa ikiwaka, dogo, haikuonyi. Inakupa pole. Beringi za konrodi zimeshaumia.

Kuna na mtindo huu wa kufika nyumbani mbio, kukanyaga mafuta mara mbili ili jirani ajue, halafu kuzima papo hapo. Tabo bado ni ya moto, oili imesimama ndani yake inaungua na kugeuka masizi, na yale masizi yanaziba vijinjia vya oili. Jirani amejua, ndiyo. Amejua kwamba mwezi ujao utaomba lifti.

Petroli nayo. STI ya soko la Japani ilipangiwa kunywa ile wanayoiita haioku, yenye okteni ya juu. Ukiipa ya chini, sehemu ya mchanganyiko inajiwasha yenyewe na pistoni inapigwa nyundo ya kichwa. Kompyuta ya gari inasikia na inajaribu kujirudi, inapunguza nguvu ili kuokoa vyuma. Lakini gari ikiwa imebeba mzigo, mlima mrefu, jua la saa nane, dereva kakanyaga mpaka kwenye kapeti, kujirudi nako kuna mwisho. Kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi zinavunjika. Baada ya hapo ni moshi wa bluu na kukosa nguvu.

Na sasa naomba nisonye tena, mxiuuu, kwa ajili ya mtaalamu wa kutoboa eksozi. Huyu yuko kila mtaa. Anakata katalisti, anafunga bomba nene, anafunga chujio la hewa lililo wazi lililobandikwa stika nyekundu, anakudai hela, na gari inalia kweli mpaka Kimara wanaisikia. Hakuna aliyeiambia kompyuta ya injini kwamba pumzi imebadilika. Presha ya tabo inapanda kuliko ilivyopangwa, petroli inayoingia haitoshi, joto linapanda. Gari ya namna hiyo huendi nayo miaka. Na ndiyo inayouzwa kwanza, kwa bei nzuri, na tangazo linasema "imeongezewa nguvu" kama vile ni zawadi.

Nilimwonyesha dogo kwenye picha: bomba la nyuma la gari yake ya bluu ni kubwa kuliko mkebe wa maziwa. "Si ndiyo raha yake?" Haya.

Sasa kuna nyingine. Fundi wetu wa hapa, huyu anayeziba pancha kwa nje lakini Subaru anazijua kwa ndani, anamjua mwalimu mmoja Morogoro anayeuza STI ya umbo hilo hilo. Imetembea kilometa 212,000. Nyeupe, boneti imepauka, kiti cha dereva kimeshonwa kwa mkono. Eksozi ya kiwandani. Chujio la hewa la kiwandani. Mwalimu ana faili la plastiki lenye risiti, na humo taimingi belti imebadilishwa mara mbili, ya mwisho pamoja na wota pampu na roli zake zote.

Hapo kwenye roli nitakaa kidogo, maana wengi wanapita. Injini hii ya tabo ina kemshafti nne, mbili kila upande, na mkanda mmoja mrefu unaozizungusha zote na wota pampu humo humo. Mkanda unapita kwenye roli kadhaa. Huko Japani desturi ni kuubadili kwenye kilometa 100,000, na ukifungua boneti mara nyingi unakuta stika yenye tarehe na kilometa. Sisi tunabadili mkanda peke yake kwa sababu ndio umetajwa, roli tunaziacha kwa sababu "bado zinazunguka". Roli ikikwama, au wota pampu ikifunga, mkanda mpya unakatika au unaruka meno, na kwenye injini hii valvu zinakutana na pistoni. Kwa hiyo mtu aliyehifadhi risiti ya roli hajakuonyesha risiti tu, amekuonyesha kichwa chake kinavyofanya kazi.

Tukampigia mwalimu hapo hapo, spika wazi. Shikamoo, marahaba. Kabla hatujauliza chochote akasema: "Vijana, inakunywa oili. Nikienda Dar na kurudi mara tatu naongeza nusu lita. Na sinkronaiza ya gia ya tatu ikiwa ya baridi inagoma kidogo, usiilazimishe." Nikamtazama fundi, fundi akanitazama. Muuzaji anayekutajia maradhi kabla hujaulizia bei, mimi huyo ninamwamini kuliko saa yoyote ya kilometa.

Dogo kaangalia picha ya ile nyeupe, kakunja uso. "Imechoka, braza."

Imechoka! Aka, dogo, umechoka wewe. Rangi ya boneti inapigwa siku mbili. Kiti kinashonwa Ilala. Klenki haipigwi rangi.

Lakini nisiipambe ya mwalimu pia, maana kilometa 212,000 ni nyingi na hazijaja bure. Bushi zote za chini zitakuwa zimekwisha kwa mabonde yetu. Shokapu vivyo hivyo. Tabo yenyewe ina umri, na ukichomoa bomba la hewa ukautikisa mhimili wake kwa vidole utajua kama unacheza. Kucheza kidogo upande hadi upande kunavumilika, kuingia na kutoka hapana. Gasketi za silinda hedi ni swali la siku zote kwenye injini hizi. Fundi anasema ataiendesha kwa nguvu dakika kadhaa, atasimama, na ataangalia kwenye chupa ya maji ya rejeta kama mapovu yanaendelea kupanda. Mapovu yakipanda, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, na safari imeishia hapo.

Ameshaagizwa mwalimu asiiwashe gari siku hiyo mpaka sisi tufike. Hili nimelisisitiza mimi. Ukifika kwa muuzaji, kabla ya salamu ya pili, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa kwa joto. Injini hizi zikiwa za baridi pistoni zinagongagonga kidogo ndani ya silinda, tak-tak-tak nyepesi, halafu chuma kikipanuka zinatulia; hiyo ni tabia yao, usimvunjie mtu bei kwa hilo. Sauti ya kuogopa ni ile inayobaki, nzito, inayotoka chini, hasa ukiipandisha mpaka kama mizunguko elfu tatu halafu ukaachia mguu. Hapo ni beringi ya konrodi, na ukisikia hiyo usijadiliane bei hata kama anakupunguzia nusu.

Kisha kompresheni. Plagi za Subaru zinakaa ubavuni, huku fremu ya gari inakukaba mikono, kwa hiyo mafundi wengi watakuambia haina haja, "naisikia kwa masikio, bosi". Mwambie akapumzishe masikio. Achomoe plagi zote nne, apime silinda moja moja, namba ziandikwe. Si lazima ziwe za kiwandani kwenye kilometa laki mbili, lakini ziwe zinakaribiana. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia kumi, na hasa ikiwa namba nne, ambayo kwa injini hizi ndiyo yenye sifa mbaya, funga plagi za watu, shukuru, ondoka.

Na matairi. Hili watu wananicheka. Gari hii inavuta miguu yote minne, kati yake kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukiweka mbele matairi mapya na nyuma yaliyolika, au saizi tofauti kwa sababu ndiyo yaliyopatikana Ilala siku ile, duara hazilingani na ile difu ya kati inafanya kazi kila sekunde hata kwenye njia iliyonyooka. Inapata moto, inakufa. Kwa hiyo unapomwona mwenye STI ana matairi manne ya aina moja, yaliyolika sawasawa, jua amekuwa akiwaza. Gari ya bluu ya dalali ina aina tatu. Nimehesabu kwenye picha zake mwenyewe.

Namba ya injini ilinganishwe na ya kwenye kadi. "Injini haijawahi kuguswa" ni maneno ambayo namba inaweza kuyaumbua kwa dakika moja, maana nyingi za hizi zimeshafungwa injini ya mtumba, na hata hiyo si kosa, mradi useme.

Fundi mwenyewe awe wa Subaru. Fundi wa Noah ni mtu mwema, nampenda, lakini atakwambia mlio wa kawaida ni ugonjwa na ugonjwa ni mlio wa kawaida.

Tukimaliza hapo tunakuja kwenye kitu ambacho dogo hataki kukisikia, hela inayobaki. Hela yote ya Chanika akimpa muuzaji, amekwisha. Mimi namwambia theluthi moja ya bei ibaki benki kabla hajasaini, na isiguswe kwa sababu ya spika wala rimu. Kwa gari ya laki mbili hiyo hela ina kazi mwezi wa kwanza: oili zote, za injini, gia na difu, plagi, bushi, mipira ya maji ambayo imekauka, pengine klachi. Spea Gerezani zipo, lakini ukisema STI, muuzaji anakutazama kwanza viatu. Na petroli, kwenye foleni ya Ubungo usitarajie zaidi ya kilometa saba kwa lita, ukibahatika.

Na utakimbizia wapi? Kibaha kibao cha 50. Mlandizi kibao cha 50. Chalinze trafiki wako na tochi chini ya mwarobaini. Nguvu za farasi 280, na unapitwa na Coaster.

Dogo akaniuliza swali zuri kwa mara ya kwanza leo: "Nisipoiweza, nitaiuza?" Hapo sikumsonya. Ukiwa nayo nzima, isiyochezewa, yenye faili, utaiuza. Gari hizi hazitengenezwi tena, na huko Japani bei haishuki ovyo, kwa sababu Marekani wanaruhusu gari ya nje ambayo haikutengenezwa kwa soko lao ikishatimiza miaka 25, na umbo hili lililoanza 2000 limeanza kutimiza. Mmarekani akija mnadani hapunguzi bei. Kenya nao hawaruhusu kuingiza mtumba uliozidi miaka minane, kwa hiyo za umbo hili zilizoko kule ndizo hizo hizo zinazozunguka mikononi. Ila iliyotobolewa eksozi, yenye saa iliyorudishwa na matairi ya aina tatu, utamuuzia dogo mwingine kama wewe, na itabidi nawe utafute mama.

Kama theluthi haipo, basi achukue Forester isiyo na tabo, mlio ule ule wa silinda zilizolala kwa sauti ya chini, na ajifunze kuchomoa kijiti cha oili kila Jumamosi. Si aibu. Mzee wa kahawa anasema hata hiyo ni nyingi, IST inatosha. Mzee, tumekusikia.

Katikati ya maneno dalali akapiga. Sauti tamu. Kuna mteja wa Arusha yuko njiani na hela taslimu, kwa hiyo dogo atume kishika uchumba leo ili gari isiondoke. Dogo akanitazama. Nikamwambia mwombe picha ya karatasi ya mnada, na mwambie asiiwashe gari kesho asubuhi. Dalali akasema mtandao unasumbua, atapiga baadaye. Hadi naandika haya hajapiga.

Alhamisi dogo na fundi wanapanda treni ya umeme kwenda Morogoro kwa mwalimu. Fundi kabeba kipimo cha kompresheni na tochi ya kichwani. Dogo alitaka akate tiketi ya kwenda tu, eti watarudi na chuma. Nimemkatalia mbele ya wazee: kata na ya kurudi, ili fundi akisema hapana usijione umekwama Morogoro na hela mfukoni.